Kutoka Ukingo wa Mto hadi Ngome ya Ikoma: Matembezi ya Mwisho wa Masika

Katika Wilaya ya Serengeti mkoani Mara, nje kidogo ya mpaka wa kaskazini-magharibi wa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kipo kilima chenye mabaki ya ngome ya mawe iliyojengwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, wakati Tanganyika ilipokuwa sehemu ya koloni lao la Afrika Mashariki. Ngome hiyo huitwa Ikoma, kwa jina la watu wa nchi hiyo, na lango la hifadhi lililo karibu nayo limepewa jina hilohilo, hivi kwamba wageni wengi hulitamka jina la Ikoma wanapoandikisha magari yao langoni, kisha hupita wakiwafuata nyumbu na simba bila kuambiwa lolote juu ya kilima kile wala juu ya watu ambao kilima kilikuwa chao. Inafaa isemwe tangu mwanzo kwamba ngome hii haifahamiki kwa kutazamwa dirishani mwa gari. Iliwekwa pale kwa sababu ya maji, njia, pembe za ndovu, mifugo na watu wa kutozwa kodi, na sababu hizo zote bado husomeka ardhini kwa yule anayekwenda kwa miguu, hasa katika wiki za mwisho wa masika, ambapo mito ina maji, majani ni mabichi na mbuga nzima imo katika mwendo.

Desturi ya kutembea kando ya maji mpaka kwenye ngome ya kale inajulikana sana katika nchi nyingine. Kaskazini-mashariki mwa Uingereza, kwa mfano, watu wengi hutoka katika kijiji cha wavuvi cha Craster na kufuata ufuko kwa takriban kilomita mbili mpaka kwenye magofu ya Dunstanburgh, ngome iliyoanza kujengwa mwaka 1313, nao hupendelea majira yanayofuata baridi, ambapo siku hurefuka na maua huchanua majabalini. Kwa Tanzania, mfano ulio karibu zaidi ni Bagamoyo, ambako mtu anaweza kutoka katika hoteli za ufukweni, akapita kwenye boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1897, kisha akaelekea kusini mpaka kwenye magofu ya Kaole, yenye msikiti unaohesabiwa kuwa wa karne ya 13. Katika safari zote mbili matembezi yenyewe ndiyo mwalimu, kwa kuwa msafiri akishaona jinsi ufuko ulivyopinda, mahali ambapo chombo kingeweza kutia nanga na umbali ambao mlinzi angeweza kuuona akiwa juu ya ukuta, hahitaji tena kuelezwa kwa maneno mengi kwa nini ngome ilijengwa pale na si kwingine.

Mkoa wa Mara hauna bahari, lakini hauna upungufu wa maji ya kufuatwa. Upande wa magharibi uko ufuko wa Ziwa Victoria. Katikati upo Mto Mara, ambao hutoka katika nyanda za juu za Kenya, hupita katikati ya mbuga za Maasai Mara na kaskazini mwa Serengeti, kisha huitenganisha Wilaya ya Tarime iliyo kaskazini yake na Wilaya ya Serengeti iliyo kusini, kabla ya kuingia ziwani kupitia mabwawa mapana ya matete. Na kusini zaidi upo Mto Grumeti, ambao pamoja na vijito vyake hukusanya maji ya magharibi mwa Serengeti na kuyapeleka katika Ghuba ya Speke. Nyumba za wageni na kambi za mahema zilizoko kandokando ya vijiji vya Robanda na Nata zimejengwa kwa kufuata maji haya, kwa sababu wanyama huja kunywa hapo na miti mikubwa hutoa kivuli. Kwa hiyo mgeni anayekaa katika kambi hizo anaishi tayari kwenye ukingo, na njia ya kwenda kilimani huanza mlangoni pake.

Majira nayo yanahitaji kuelezwa, kwa kuwa Mara haina vipindi vinne vya mwaka vinavyojulikana Ulaya. Mvua za vuli hunyesha kwa jumla kati ya Oktoba na Desemba, na masika kati ya Machi na Mei, kisha kiangazi huingia. Mwisho wa masika, yaani Mei kuelekea Juni, ndio wakati ambao makundi ya nyumbu, ambao idadi yao hukadiriwa kuwa zaidi ya milioni moja, huacha nyanda za nyasi fupi za kusini-mashariki zinapoanza kukauka na kuelekea magharibi na kaskazini, yakipita katika bonde la Grumeti na mara nyingi katika ardhi ya vijiji vya Ikoma na Nata. Udongo mweusi wa mbugani, ambao katika Aprili hunasa gari na kumeza kiatu, huanza kukaza. Migunga huwa na majani mapya, mikuyu ya kando ya mto huzaa, na katika misitu ya ukingoni mwa Grumeti huonekana mbega, kima mwenye manyoya marefu meusi na meupe ambaye hayupo katika sehemu kubwa ya Serengeti iliyo wazi. Lakini majira haya yana hatari yake pia, kwa kuwa nyasi zimerefuka kiasi cha kumficha nyati aliyelala, na ndiyo maana hakuna mwenyeji mwenye busara anayemruhusu mgeni atembee hapa peke yake.

Nchi inayopitiwa na njia hii ni nchi ya Waikoma, na kandokando yao ni Wanata, Waisenye, Waikizu na Wangoreme, makabila madogo ya Kibantu ambayo kwa muda mrefu yameishi kwa kuchanganya kilimo cha mtama na ulezi, ufugaji na uwindaji. Vitabu vya utalii vina kasoro kubwa katika jambo hili: huisimulia Serengeti kama uwanda usiokuwa na watu, uliowangojea wageni wauone kwanza, ilhali kila kilima, kijito na chemchemi ya upande huu wa magharibi kina jina, na majina hayo yamehifadhi kumbukumbu za makazi, za vita na za matambiko. Mwanahistoria Jan Bender Shetler, ambaye alikusanya simulizi za wazee wa Mara na kuchapisha kitabu kiitwacho Imagining Serengeti mwaka 2007, alionyesha kwamba wazee hawa waliikumbuka historia kwa kuipitisha mahali kwa mahali, kana kwamba wanatembea, kwa hiyo jina la kilima lilikuwa mlango wa kuingilia katika masimulizi yenyewe. Mtu anayetembea kuelekea Ngome ya Ikoma, basi, anafuata njia ya kujifunza ambayo wenyeji wenyewe waliitumia kabla ya shule kuwapo.

Wazee wa Kiikoma husimulia kwamba asili yao ina uhusiano na Sonjo, nchi iliyo mashariki ng'ambo ya nyanda za Serengeti, na miongoni mwa vitu vitakatifu vya kabila hilo ni Machaba, pembe za ndovu ambazo hushirikishwa katika matambiko na ambazo masimulizi huzihusisha na mganga wa Kitatoga, yaani wa jamii ya wafugaji wanaojulikana pia kwa jina la Wadatoga. Uchumi wao wa zamani ulikuwa na upande mmoja ambao msafiri wa Mei anaweza kuuelewa mara moja akiona makundi ya nyumbu yakipita: mikia ya nyumbu. Wawindaji wa magharibi mwa Serengeti waliikusanya mikia hiyo na kuipeleka Usukuma, ambako singa zake zilitumiwa kutengenezea bangili, nao walirudi na mifugo, hivyo kwamba mtu asiyerithi ng'ombe aliweza kuupata utajiri kwa upinde wake. Nyumbu walikuwa hazina ya nchi hii muda mrefu kabla ya kamera ya kwanza kufika.

Ili ngome ieleweke, ni lazima kwanza zieleweke kuta zilizoitangulia. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 19 magharibi mwa Serengeti palikumbwa na maafa yaliyofuatana: mashambulizi ya Wamaasai waliokuja kuchukua mifugo, ndui, ukame, na zaidi ya yote sotoka, ugonjwa wa ng'ombe ulioingia Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 na kuua sehemu kubwa mno ya mifugo ya eneo zima. Mpelelezi wa Kiaustria Oscar Baumann, aliyetoka Tanga mapema mwaka 1892 na kupita Ngorongoro na nyanda za Serengeti akielekea Ziwa Victoria, aliwakuta Wamaasai wakifa kwa njaa baada ya ng'ombe wao kuteketea. Katika hali hiyo watu waliokuwa wakiishi katika miji midogo iliyotawanyika walikusanyika katika makazi makubwa yenye kuzungukwa na boma, mengine ya miiba na mengine ya mawe, na hasa katika vilima vya Ungoreme yalijengwa maboma ya mawe ambamo watu na mifugo walikimbilia usalama.

Neno boma hapa lina maana yake ya asili, yaani uzio unaozunguka makazi au zizi, na ujenzi wa maboma ya mawe haukuwa jambo la Wangoreme peke yao, bali ulikuwa sehemu ya ustadi wa eneo lote la mashariki mwa Ziwa Victoria. Mfano mkubwa na uliohifadhiwa vizuri kuliko yote uko ng'ambo ya mpaka wa Tarime, katika Kaunti ya Migori nchini Kenya, kilomita 46 hivi kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori. Hapo ndipo ilipo Thimlich Ohinga, makazi yenye kuta za mawe yaliyojengwa, kwa kadiri ya utafiti wa akiolojia, katika karne ya 16, na ambayo UNESCO iliyaandikisha katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Kuta zake zina kimo cha kati ya mita 1.5 na mita 4.5, na unene wa wastani wa mita moja, nazo zimesimama bila chokaa, bila saruji na bila udongo wa kushikizia: waashi walipanga mawe makubwa kwa nje na kwa ndani, kisha wakajaza katikati mawe madogo, na uzito wenyewe ukayafungamanisha. Milango ilifanywa ya chini na myembamba ili mtu anayeingia alazimike kuinama, akiwa hana nafasi ya kuinua silaha, na ndani yake palitengwa sehemu za nyumba, za mazizi na za kazi za mikono. Watafiti wamehesabu majengo ya namna hii zaidi ya 500 katika kanda ya ziwa, na desturi ya kuyajenga na kuyakalia iliendelea kwa namna mbalimbali mpaka katikati ya karne ya 20.

Mambo haya yana uzito mkubwa kwa msomaji wa Tarime. Mpaka uliochorwa na Wajerumani na Waingereza uliwagawa Wakuria na Wajaluo katika nchi mbili, lakini haukuyagawa mawe, na mtu anayevuka Sirari kwenda Isebania hatoki katika historia moja kuingia nyingine. Ni haki kusema kwamba ngome za kweli za eneo hili, kwa maana ya majengo yaliyobuniwa na watu wa hapa kwa ajili ya kuwalinda watu wa hapa, ni hizi za mawe makavu, na kwamba Ngome ya Ikoma, pamoja na umaarufu wake wote katika ramani za watalii, ni jengo lililokuja baadaye na kwa kusudi tofauti.

Kusudi hilo huanza kuonekana msafiri anapouacha ukingo wa mto na kuanza kupanda. Ngome za pwani, kama Ngome ya Yesu ambayo Wareno waliianza mjini Mombasa mwaka 1593 kwa mchoro wa Giovanni Battista Cairati, zilielekeza mizinga yake baharini, kwa sababu adui aliyeogopwa alikuwa mshindani mwingine wa kigeni mwenye merikebu. Ngome ya Ikoma iliitazama nchi yenyewe. Kutoka juu ya kilima jicho hufika mbali katika tambarare za hifadhi na katika vilima vya vijiji, na mlinzi wa zamani aliweza kuona msafara wa pembe, kundi la wapiganaji wa Kimaasai au moto wa wawindaji kabla haujamkaribia. Mahali palichaguliwa na jicho la kijeshi, na hakuna maelezo ya kitabu yanayolionyesha jambo hili waziwazi kama kusimama pale kwa dakika chache baada ya kupanda kwa miguu.

Wajerumani walikuwa wamekwisha kujenga kituo kikubwa Mwanza, na kutoka hapo walisukuma mamlaka yao mashariki mwa ziwa kwa kuweka vituo vidogo vya kijeshi, kikiwamo cha Shirati kwenye ufuko wa ziwa, katika nchi ambayo leo ni Wilaya ya Rorya na ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Tarime, na hiki cha Ikoma upande wa bara. Vituo vya namna hii viliitwa boma pia, na tangu hapo neno hilo likapata maana yake ya pili, yaani makao ya serikali. Kwa kawaida boma la Kijerumani lilikuwa jengo la pembe nne lenye kuta nene, ua katikati, matundu ya kupitishia bunduki na minara pembeni, na kando yake kikazaliwa kijiji cha askari na familia zao, ambao wengi walitoka mbali, kama vile Sudan, Umanyema, Unyamwezi na Usukuma. Kutoka hapo zilitoka amri za kodi ya nyumba, kazi za lazima, kesi na viboko. Watu wa Mara, ambao tangu zamani waliongozwa na wazee na marika, yaani makundi ya watu waliotahiriwa kipindi kimoja wakapanda vyeo pamoja, walitakiwa sasa wawe na mtemi mmoja ambaye serikali ingeweza kumpa amri na kumdai kodi. Na utawala huo wa watemi, ambao Waingereza waliuendeleza, ulidumu mpaka miaka ya mwanzo ya uhuru. Dhahabu nayo ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowavuta wakoloni katika nchi hii, kama linavyoshuhudia jina la Kilimafedha, machimbo ya zamani yaliyo ndani ya eneo ambalo leo ni hifadhi.

Sehemu ya historia ya Ikoma inayojulikana zaidi kwa wapenzi wa habari za vita ni ya mwaka 1917. Waingereza walikuwa wameiteka Mwanza mwezi Julai 1916 na Wabelgiji wakaingia Tabora mwezi Septemba mwaka huohuo, kwa hiyo kaskazini-magharibi yote ilihesabiwa kuwa imekwisha kutoka mikononi mwa Wajerumani. Lakini mapema mwaka 1917 kapteni wa Kijerumani Max Wintgens alijitenga na jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck lililokuwa kusini na kupeleka kikosi chake kaskazini kinyume na matarajio ya wote. Na alipougua na kujisalimisha kwa Wabelgiji mwezi Mei, uongozi ulishikwa na Heinrich Naumann, ambaye alivuka reli ya kati na kufika mpaka Ikoma. Mwishoni mwa Juni 1917 kikosi cha Wabelgiji kilichomfuata kilipambana naye hapo na kikashindwa kwa hasara kubwa. Naumann aliendelea kuzunguka kaskazini mwa nchi mpaka alipozingirwa na kusalimu amri katika nchi ya Kondoa kati ya mwisho wa Septemba na mwanzo wa Oktoba.

Masimulizi ya kijeshi husifu ujasiri wa safari hiyo, na sifa hiyo imewekwa mahali pasipostahili. Kikosi kilichotembea nchi nzima bila ghala kiliishi kwa kunyang'anya chakula na mifugo vijijini, na mizigo yake ilibebwa na watu waliokamatwa njiani. Na vikosi vilivyokifuata vilifanya hivyohivyo. Katika vita nzima ya Afrika Mashariki wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yao wanakadiriwa kuwa zaidi ya 90,000, wengi kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Yeyote anayesimama Ikoma na kutafuta mahali mizinga na bunduki zilipowekwa angefanya vema kutafuta pia, kwa macho ya akili, mashamba ya ulezi yaliyokuwa chini ya kilima mwezi ule wa Juni, wakati wa mavuno.

Baada ya vita ngome ilipoteza kazi yake na kuta zikaachwa zianguke. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951, mipaka yake ikabadilishwa mwaka 1959 kwa kuitenga Ngorongoro na kuipanua upande mwingine, na mwaka 1981 ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwishoni mwa miaka ya 1960 magofu ya Ikoma yalipata uhai wa muda mfupi yalipogeuzwa kuwa hoteli ya watalii, wageni wakala na kulala ndani ya kuta zilizokuwa zimejengwa kwa ajili ya bunduki, lakini hoteli hiyo haikudumu. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa mwezi Februari 1977 wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, na utalii wa upande huu, ambao ulikuwa umetegemea sana wageni wanaotokea Nairobi, uliporomoka. Katika muongo huohuo Operesheni Vijiji iliwakusanya watu wa nchi hii katika vijiji vya ujamaa, na hivyo makazi mengi ya kale yaliyokuwa katika vilima na mabondeni yakabaki matupu, majina yake yakibaki katika vinywa vya waliohamishwa.

Leo ardhi inayozunguka njia hii imo katika utaratibu mwingine. Sera ya Wanyamapori ya mwaka 1998 iliruhusu vijiji vitenge sehemu ya ardhi yao na kuisimamia kwa pamoja kwa ajili ya wanyamapori na utalii, utaratibu unaojulikana kwa kifupi kama WMA, na vijiji vya hapa viliunda jumuiya ya Ikona, jina lililounganishwa kutokana na Ikoma na Nata. Utaratibu huu ndio unaoyafanya matembezi yawezekane kisheria kwa urahisi zaidi kuliko ndani ya hifadhi, ambako kutembea kwa miguu kunaruhusiwa katika maeneo maalumu tu na chini ya ulinzi wa askari wa hifadhi. Anayetaka kwenda ngomeni anapaswa kupata kibali cha uongozi wa jumuiya na wa kijiji, kuongozana na askari wa wanyamapori mwenye silaha na mwongozaji wa kijijini, kuanza alfajiri kabla ya jua kuwa kali, kuvaa nguo za rangi ya udongo zenye mikono mirefu kwa sababu ya ndorobo, mbung'o wanaovutwa na rangi nyeusi na ya buluu na wanaoweza kuambukiza malale, na kukaa mbali na ukingo wenyewe wa mto, kwa kuwa mamba wa Grumeti ni miongoni mwa wakubwa kabisa na hungojea nyumbu katika majira haya haya. Mwongozaji wa kijijini hapaswi kuhesabiwa kuwa gharama ya ziada. Ndiye anayejua majina.

Jambo linalotia wasiwasi ni hali ya kuta zenyewe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, pamoja na marekebisho ya mwaka 1979, huyapa ulinzi wa moja kwa moja majengo na ngome zilizojengwa kabla ya mwaka 1863, lakini jengo la baada ya hapo huhitaji kutangazwa na Waziri ndipo liwe kumbukumbu ya taifa. Ngome ya Ikoma ni changa kuliko tarehe hiyo, na maboma ya mawe ya Ungoreme, ambayo mengi yanahusishwa na misukosuko ya mwisho wa karne ya 19, yanaweza kuangukia upande huohuo wa sheria, ingawa ni kazi ya mikono ya wenyeji isiyoweza kurudiwa. Mawe yaliyopangwa bila chokaa huondolewa kwa urahisi na mtu anayehitaji msingi wa nyumba, mizizi ya miti huyatenganisha, na mifugo inayopita juu yake huyaporomosha. Upande wa Kenya umeonyesha kwamba boma la mawe makavu linaweza kuchunguzwa, kutengenezwa kwa ufundi uleule wa asili na kutambuliwa na dunia nzima. Hakuna sababu ya ustadi huo kuishia Isebania.

Halmashauri za Wilaya za Serengeti na Tarime, zikishirikiana na Idara ya Mambo ya Kale na jumuiya ya Ikona, zinaweza kuanza na kazi isiyohitaji fedha nyingi: kuandika orodha ya maboma ya mawe yaliyobaki katika kila kata, kuweka alama katika njia ya miguu kutoka mtoni hadi Ngome ya Ikoma, kuwafundisha vijana wa Robanda na Nata kazi ya kuongoza wageni wa matembezi, na kumwomba Waziri ayatangaze maboma na ngome hiyo kwa pamoja, ili jengo la mtawala lisilindwe peke yake huku majengo ya waliotawaliwa yakichukuliwa jiwe kwa jiwe. Walimu wa historia wa wilaya hizi nao wasingoje tangazo hilo. Kiangazi kinapoanza na njia kukauka, wawapeleke wanafunzi wao vilimani pamoja na wazee wa Kiikoma, Kingoreme na Kikuria ambao bado wanayajua majina, na waandike kila wanachoambiwa.